Usiku Mzima Kitini: Mama, Mtoto na Treni ya Usiku

Kipindi chetu cha afya ni cha akina mama, akina nyanya na walezi wote mnaotusikiliza kutoka Migori, Awendo, Rongo, Ndhiwa, Mbita, Kendu Bay na Homa Bay mjini. Kama una mtoto mgongoni au sufuria jikoni, endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu.

Leo tunazungumza juu ya safari ya usiku. Sisemi safari ya kulala kitandani. Nasema ile ya kukaa kitini tangu jua linapotua hadi linapochomoza, mtoto mapajani, mkoba miguuni, na jirani usiyemjua anakulalia begani.

Wengi wenu mna mume, ndugu au binti anayefanya kazi Nairobi au Mombasa. Shule zikifungwa, au kukitokea matanga, mama hufunga mizigo. Wengi hupanda basi la usiku. Lakini Desemba 2021 treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilirudi baada ya kusimama kwa miaka mingi, na tangu hapo wapo akina mama wanaoniuliza kliniki, "Sista, mtoto huyu anaweza kusafiri kwa treni?" Anaweza. Hata mchanga wa miezi miwili anaweza, mradi ni mzima na mama yake amejitayarisha. Na haya nitakayosema yatamfaa pia mama wa basi, isipokuwa kwamba ndani ya treni una nafasi ya kusimama na kutembea, na hiyo si nafasi ndogo, kama utakavyosikia.

Treni hiyo iliporudi ilipangwa kuondoka Nairobi Ijumaa saa 12 na nusu jioni na kufika Kisumu Jumamosi asubuhi. Kutoka Kisumu ilipangwa kuondoka Jumapili jioni. Ni kama saa 12 za kukaa kitini. Ratiba hubadilika, na mvua kubwa ikiharibu njia safari husimamishwa, kwa hivyo uliza stesheni kabla hujauza kuku wa nauli.

Ujue pia kwamba safari yako haianzii Kisumu. Kwetu hakuna reli. Mama wa Migori atapanda matatu, apite Rongo, Kisii, Oyugis na Ahero, na mtoto atafika stesheni akiwa tayari amechoshwa na jua na vumbi. Toka nyumbani asubuhi. Fika Kisumu mchana, tafuta kivuli, mnyonyeshe, mbadilishe nepi, mpanguse uso. Mtoto anayepanda treni akiwa na njaa na amelowa atalia hadi Muhoroni.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hasa limenileta leo. Mama akiwa safarini mbele ya watu anaona aibu. Anaona aibu ya kwenda choo, kwa hivyo hanywi maji. Anaona aibu ya kusimama na kupita katikati ya watu, kwa hivyo anakaa kama mti. Anaona aibu ya mtoto kulia, kwa hivyo anampa kitu cha kumnyamazisha. Na kama anameza dawa kila siku, anaona aibu ya kumeza mbele ya jirani. Zote hizo zinaingia mwilini, na baadaye ndizo tunazozitibu sisi kliniki.

Tuanze na choo. Akina mama wengi wameniambia kwamba siku ya safari hawanywi kitu tangu mchana. Mama anayenyonyesha akifanya hivyo, kichwa kitamuuma, mkojo utakuwa wa rangi ya chai kavu na kumchoma, na atashuka asubuhi bila nguvu hata za kumbeba mtoto. Mama mjamzito yuko katika hatari zaidi, kwa sababu ujauzito wenyewe humfanya apate maambukizi ya njia ya mkojo kwa urahisi, na maambukizi hayo yakiachwa yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa hivyo kunywa. Beba chupa ya lita moja na nusu ya maji safi yaliyochemshwa au kutibiwa, unywe kidogo kidogo usiku kucha. Choo kipo ndani ya treni. Kiende mapema kabla watu hawajakichafua, halafu kiende tena kila unapohitaji. Vaa nguo isiyokusumbua kuipandisha. Weka kipande cha sabuni na karatasi ya chooni katika mfuko mdogo, kwa kuwa si kila wakati utavikuta huko. Mwombe mama mwenzako akushikie mtoto. Usimwache kwa mtu uliyekutana naye dakika tano zilizopita. Anza mazungumzo mapema, ujue anakwenda wapi na ameketi na nani. Na kama moyo wako haujatulia, mfunge mtoto mgongoni uende naye. Inawezekana, tumefanya hivyo miaka yote.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji wala glukosi, hata kukiwa na joto. Ziwa la mama linamtosha. Jifunike leso kama unapenda, unyonyeshe kila anapotaka. Aliyezidi miezi 6 apewe maji yake kwa kikombe, na chupa ya kunyonyea afadhali ibaki nyumbani, maana huwezi kuiosha vizuri ndani ya behewa.

Halafu kuna miguu. Mtu akikaa muda mrefu magoti yamekunjwa, damu ya miguuni inapanda polepole. Kwa watu wengi matokeo yake ni miguu kuvimba kidogo yote miwili, na viatu kubana. Hiyo hupungua ukilala na kuinua miguu. Lakini kwa mama mjamzito, na hasa kwa mama aliyejifungua katika wiki 6 zilizopita, damu yake huganda kwa urahisi zaidi kuliko ya mtu mwingine. Ndivyo mwili unavyojilinda asitokwe na damu nyingi wakati wa kuzaa. Damu ikiganda ndani ya mshipa wa mguu, donge linaweza kukatika, likasafiri hadi kwenye mapafu, na hapo mama anaweza kufa ghafla. Aliyejifungua kwa upasuaji yuko katika hatari kubwa zaidi. Kama umetoka kujifungua na safari inaweza kungoja, ingoje.

Kama haiwezi kungoja, basi kila baada ya saa moja au mbili, ukiwa macho, simama. Tembea hadi mwisho wa behewa na urudi, ukishika viti kwa sababu treni huyumba. Usipoweza kusimama kwa kuwa mtoto amelala, cheza na nyayo: visigino chini, vidole juu, kisha vidole chini, visigino juu. Fanya mara 20, kama mtu anayekanyaga cherehani. Usikalie mguu mmoja, na usiweke mzigo chini ya kiti ukakunyima pa kunyoosha miguu. Hili ndilo jambo zuri la treni kuliko basi, lakini ukiona aibu kusimama ni kama hukupata faida hiyo.

Dalili ya hatari ni mguu mmoja. Mguu mmoja unavimba kuliko mwenzake, unauma nyuma chini ya goti, una joto ukiugusa. Hii inaweza kuja hata siku kadhaa baada ya safari. Usiukande kwa maji moto wala kuuchua kwa mafuta, kama tulivyozoea kufanya kwa miguu iliyochoka. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukipata maumivu ya kifua au pumzi kukatika, usingoje kukuche.

Nakuja kwenye baridi, na hapa watu wa ziwani tunajidanganya sana. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari. Jioni unapopanda, kuna joto, mtoto amevaa fulana na kaptula. Treni inapita Muhoroni na Fort Ternan ikipanda polepole, na katikati ya usiku iko Londiani na Mau Summit, huko juu karibu mita 2,500. Ni nchi ya chai, viazi na ukungu. Mabehewa ya njia hii yana madirisha ya kufungua, na kila mara kuna abiria mmoja anayetaka hewa. Kabla ya kufika Nairobi unapanda tena milima ya upande wa Limuru, alfajiri, saa ambayo mwili una baridi kuliko zote.

Mvalishe mtoto nguo nyepesi mbili au tatu, moja juu ya nyingine, badala ya moja nzito. Hivyo utapunguza akitoka jasho, utaongeza baridi ikija. Kofia na soksi ni lazima kwa mtoto mchanga. Mchanga umweke kifuani, ngozi yake kwenye ngozi yako, kisha ufunike wote wawili kwa blanketi; mwili wako unampasha joto kuliko sweta yoyote. Usimfunike uso. Gusa tumbo lake mara kwa mara: mikono na miguu inaweza kuwa baridi kidogo, lakini tumbo likiwa baridi, mtoto ana baridi.

Kwa mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wengi mnauita siko seli, usiku huu si wa mchezo. Huku kwetu familia nyingi zina mtoto kama huyo. Baridi na upungufu wa maji ndivyo vitu viwili vinavyoamsha maumivu yake, na safari ya usiku inavileta vyote viwili pamoja. Kabla ya kusafiri mpitishe kliniki yake. Apewe dawa zake zote za kila siku bila kuruka, anywe maji mara nyingi, avae soksi na glavu kabla ya treni kuanza kupanda. Usingoje aseme anasikia baridi. Akianza kulia na mifupa, mpe dawa ya maumivu uliyopewa kliniki, maji, na joto. Akiwa na homa, au kifua kinauma, au midomo imepauka, huyo ahitaji hospitali.

Sasa mtoto kulia. Nimesikia, tena si mara moja, mama akishauriwa na mwenzake ampe mtoto kijiko cha dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi, "ili watu wapumzike." Tafadhali, usifanye hivyo. Dawa hizo zinaweza kumlaza mtoto mdogo usingizi mzito mno, akapumua polepole, akashindwa hata kuamka kunyonya. Ndani ya behewa lenye giza, kila mtu amelala, nani atagundua? Mtoto akilia ana njaa, amelowa, ana gesi tumboni, ana baridi, au amechoka na kelele. Mnyonyeshe, mbadilishe, mweke begani, simama utembee naye. Atanyamaza. Na asiponyamaza mapema, abiria watavumilia. Wao pia waliwahi kuwa watoto.

Wewe mwenyewe utasinzia, hilo halina ubishi. Hatari ni mama kusinzia ziwa likiwa limefunika pua ya mtoto, au mikono ikalegea mtoto akateleza. Kama mko wawili, peaneni zamu. Kama uko peke yako, mfunge mtoto kifuani kwa leso imara, kichwa chake juu ambapo unaweza kukibusu, uso wake ukionekana, na kidevu kisilale juu ya kifua chake. Wengine hutandika leso sakafuni wakamlaza mtoto chini ya kiti. Huko kuna vumbi, mate, nyayo za watu, na sanduku la jirani linaloweza kuanguka. Mtoto mkubwa wa miaka mitatu au minne aketi upande wa ndani, mbali na dirisha. Kichwa na mikono visitoke nje, na asikaribie mlango wala pale mabehewa yanapoungana, hata kama analilia kuona.

Chai moto ni adui mwingine. Usinywe chai moto mtoto akiwa mapajani. Treni ikitikisika mara moja, inammwagikia. Akiungua, vua nguo yenye chai haraka, mmiminie maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20 kama unayo ya kutosha, kisha funika kwa kitambaa safi, na asilowe mwili mzima akapata baridi. Dawa ya meno, mafuta na yai viache.

Chakula sitakaa nacho sana. Ndizi, mkate, viazi vitamu vilivyochemshwa na mayai ya kuchemsha yanafaa. Mayai yaliwe mapema jioni. Uji ulioukoroga asubuhi na kuuweka vuguvugu hadi usiku umekuwa nyumba ya vijidudu, na maziwa vivyo hivyo. Samaki wa kukaanga mle kabla ya kupanda. Njugu karanga tunazipenda, lakini mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe, hasa treni inapotikisika, maana njugu moja inaweza kuziba koo. Muwa pia. Beba paketi mbili za ORS na tembe za zinki kutoka kituo chako. Mtoto akiharisha njiani huna duka la dawa pale Londiani usiku.

Na dawa zako, mama. Kama unatumia dawa za ARV, au za presha, au za kifua kikuu, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo ndani ya sanduku lililo juu au chini ya mizigo ya watu. Najua kwa nini wengine huzificha mbali: kopo lina kelele, kila ukitembea linasema. Jaza pamba ndani ya kopo, litanyamaza. Tega simu ikutetemekee saa yako ikifika, umeze na maji, umemaliza. Hakuna anayejua kama ni dawa ya kichwa. Dawa ya maji ya mtoto anayekingwa virusi iwe pamoja na bomba lake la kupimia. Beba dozi za siku zote utakazokaa na wiki moja zaidi, na ukienda kwa muda mrefu omba barua ya kliniki ili upokelewe huko uendako.

Beba pia kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kitambulisho, na uwe umejisajili SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Angalia tarehe ya chanjo ijayo. Chanjo ya malaria, ambayo Kenya iliizindua hapa kwetu Ndhiwa tarehe 13 Septemba 2019, ina dozi nne, na dozi ya kwanza ni mtoto akiwa na miezi 6. Kama tarehe itakukuta ugenini, muulize muuguzi kabla ya kuondoka, kwani haitolewi kila kaunti.

Mama mjamzito aliyefika miezi minane na nusu asipande treni ya usiku. Wengine, kabla ya kusafiri pitieni kliniki. Ukiwa njiani ukaona damu, maji yakavunjika, kichwa kikauma sana na macho kuona ukungu, au mtoto tumboni akaacha kucheza, amsha mhudumu wa treni mara moja. Mtoto mdogo akipata degedege, akashindwa kunyonya, akatapika kila kitu, au akavuta pumzi kwa shida mbavu zikiingia ndani, vivyo hivyo. Treni inapita Nakuru, na Nakuru kuna hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti. Shuka hapo. Nauli iliyopotea itapatikana siku nyingine.

Wale wanaoendelea hadi Mombasa kwa Madaraka Express, iliyoanza 2017, watakuta mambo tofauti kidogo. Madirisha hayafunguki na ndani kuna hewa ya kupoza, kwa hivyo blanketi lisiingie sandukuni. Katika daraja la kawaida viti vinatazamana. Mtoto anayetapika safarini akae akitazama mbele. Treni ya saa 4 usiku hufika kabla ya kupambazuka, na stesheni ziko nje ya mji, Syokimau upande wa Nairobi na Miritini upande wa Mombasa. Panga mapema nani atakupokea, usitoke na mtoto mchanga gizani kutafuta matatu. Njiani, Voi kuna hospitali ya rufaa.

Nimalizie na malaria, kwa sababu safari hii ina mkia. Mbu aliyemuuma mtoto Rongo leo anaweza kumletea homa baada ya siku 10 au 15, mkiwa tayari Nairobi kwa shangazi. Huko malaria ni kidogo, na watu wataona ni mafua ya baridi. Mtoto akipata homa wakati wowote katika wiki za kwanza, mpeleke apimwe damu na umwambie daktari waziwazi, "Tumetoka upande wa ziwa." Maneno hayo manne yanaweza kuokoa siku mbili, na siku mbili ni nyingi kwa mtoto mwenye malaria. Mombasa nako kuna mbu, kwa hivyo chandarua kiwemo ndani ya mizigo.

Nanyi akina nyanya mnaopokea wajukuu kutoka Nairobi Desemba: watoto hao hawana kinga ya malaria kama watoto wa hapa. Chandarua kifungwe kabla hawajafika, walale ndani yake usiku wa kwanza, hata kama wamefika wamechoka na nyumba imejaa wageni. Akichemka mwili, msingoje baba yake atume pesa ndipo mwende zahanati.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kumwanzishia mtoto chakula akifika miezi 6, na jinsi ya kusaga omena wa kuchanganya katika uji.